Kilomita 42.195 kwa ajili ya nauli

Wiki hii hakuna hifadhidata, hakuna seva iliyoanguka, wala sitagombana na mtu kuhusu PHP. Nimekimbia marathoni. Ndiyo, mimi, ninayeshinda kwenye kiti saa kumi kwa siku. Nimeanzia pande za Awendo, Kaunti ya Migori, nikamalizia Homa Bay mjini. Naomba mnivumilie nieleze sababu, maana ndani yake kuna ramani na hesabu, na vitu hivyo najua mnavipenda.

Mwaka 2021 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Homa Bay, alikuwa na miaka sita. Meno yake ya nyuma yalianza kulegea, kisha shavu likavimba. Kila mtu akasema ni jino. Zahanati moja ikaling'oa. Wiki moja baadaye uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho, na mtoto hali. Dada akampeleka hospitali ya rufaa ya kaunti. Wakachukua kipande kidogo cha uvimbe wakakipima, na daktari akaandika rufaa ya kwenda Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Jina la ugonjwa lilikuwa Burkitt, saratani ya limfu inayowapata hasa watoto, na sisi watu wa kandokando ya ziwa tumo katika eneo lake.

Kwa wasiojua, Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wengi. Lakini kilichonishika mimi ni alichofanya mwaka 1961. Yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford, wakasafiri kilomita 16,000 hivi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile: mmewahi kuona watoto wa namna hii? Kila jibu wakalitia kwenye ramani. Hawakuwa na GPS wala kompyuta. Ramani ilipojaa, ikasema yenyewe: ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na hupotea ukipanda juu, kiasi cha mita 1,500. Yaani inafanana na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, waliona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Leo inaeleweka kwamba virusi hivyo, ambavyo karibu kila mtu anavyo, vikikutana na malaria ya mara kwa mara kwa mtoto mdogo, njia ya Burkitt hufunguka. (Ndiyo maana mimi sicheki na mtu anayevulia samaki kwa chandarua cha mbu. Ninyi chekeni.)

Sasa angalieni urefu kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Eldoret ni mita 2,100 hivi, na Iten, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wetu wakubwa, ni kama 2,400. Ugonjwa wetu haupandi kule kwa wakimbiaji. Ni sisi tunaopanda na watoto mgongoni.

Na huko juu mpwa wangu alilazwa katika nyumba iliyojengwa na wakimbiaji! Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyo ndani ya ile ya Moi, ilifunguliwa mwaka 2015. Aliyeianzisha ni mwanariadha, Toby Tanser, na sehemu kubwa ya pesa ilichangwa na watu waliokuwa wakikimbia marathoni za ng'ambo, New York na kwingineko. Zamani nilikuwa nikiona picha za watu wenye namba kifuani wakisema wanakimbia kwa ajili ya watoto Afrika, nikidhani ni mambo ya kupiga picha tu. Bado nadhani nyingi ni hivyo. Ila hii ina kuta na vitanda, na dada yangu amelala sakafuni karibu na kimoja.

Haya, hesabu. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Sisi watu wa kompyuta tunaijua mbili inavyokwenda: tukichukua siku mbili, basi katika wiki mbili, kwa hesabu ya kwenye karatasi, moja imekuwa 128. Mwilini si safi namna hiyo, kwa kuwa seli nyingi hufa njiani, lakini mnaona jambo lenyewe. Uzuri wake ni kwamba seli inayokimbia hivyo ndiyo dawa za kemo huipiga vizuri. Shavu la mpwa wangu lilianza kushuka ndani ya wiki ya kwanza. Dada alinitumia picha kila asubuhi, na mimi nilizipanga kwa tarehe kama mtu anayesoma kumbukumbu za seva.

Ubaya ni kwamba uvimbe kupotea si kupona. Mtoto anatakiwa arudi, na arudi tena, kila baada ya wiki mbili au tatu. Kutoka Homa Bay hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 200 na matatu mbili au tatu. Bima ya NHIF ilisaidia kwenye dawa. (Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, ni SHA.) Nauli ya mama, chakula chake na siku za sokoni alizopoteza, hayo alijitafutia mwenyewe.

Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa kike kutoka upande wa Migori, umri sawa na mpwa wangu. Walikuwa wakicheza kwa vifuniko vya chupa za dawa. Baada ya mzunguko wa pili uso wake ulikuwa umerudi kama wa mtoto yeyote. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa safari ile. Mzunguko wa tatu hawakuja. Dada akapiga simu, ikawa inaita tu. Tulipata habari mwezi wa pili yake, na sitaiandika hapa.

Dada naye alikaribia kukwama mara tatu. Kilichomwokoa ni chama kidogo cha wazazi ambao watoto wao waliwahi kulazwa wodi ile. Hawana ofisi wala fulana. Ukikosa nauli unapiga simu, mtu anakutumia kwa M-Pesa, mambo yameisha. Mpwa wangu alimaliza mizunguko yote. Sasa yuko shule, ananishinda kwa drafti, na ananiita "nera", yaani mjomba, pale tu anapotaka kitu.

Basi nikaamua kukimbia kwa ajili ya chama hicho. Sikuchagua marathoni ya Nairobi kwa sababu nilitaka kukimbia kutoka kwa wazazi wetu kwenda kwa dada. Nikafungua OpenStreetMap, nikaweka mwisho kwenye geti la hospitali Homa Bay, nikarudisha mwanzo nyuma hadi mstari ukasoma 42.195. Rafiki yangu wa boda boda alinifuata na maji. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili kuwahi kabla ya matrekta ya miwa. Hadi Rongo nilijiona bingwa. Kati ya Rongo na Rodi nilitembea sana, na mwanamke mmoja mwenye beseni la omena kichwani akanipita, akasema pole. Kutoka Rodi barabara inateremka kuelekea ziwani. Kwa mapafu ni raha, kwa magoti ni adhabu. Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, sekunde 35. Mimi nilitumia saa 5 na dakika 12.

Ahadi ilikuwa shilingi 10 kwa kilomita. M-Pesa haina habari ya senti, kwa hiyo watu walituma 422. Nilikuwa nimeandika programu fupi ya Python inayosoma ujumbe wa M-Pesa na kujumlisha. Jumla ni shilingi 73,850. Safari moja ya mzazi na mtoto, kwenda na kurudi pamoja na chakula, tumeikadiria 3,000. Hizo ni safari 24, au watoto wanne wakihudhuria mara sita kila mmoja.

Pesa yote nimeikabidhi kwa mweka hazina wa chama. Nauli ya kwanza ilitumwa Jumatatu kwa mama mmoja wa upande wa Karungu. Saa nne asubuhi akajibu: tumefika Kisumu, tunatafuta ya Eldoret.