Sehemu ya 7: Askari wa udongo

Mama zangu, leo sizungumzii chanjo. Juzi nimetoka zamu Ruangwa, nikamfuata mwanangu kwa babu yake Nachingwea. Nakuta kafinyanga askari sita wa udongo! Babu kamsimulia wapiganaji wa FRELIMO waliopata mafunzo pale kabla Msumbiji haijapata uhuru, 25 Juni 1975. Anawapaka rangi ya mafuta iliyobaki ya mlango, brashi anailamba ichongoke. Nilishtuka jamani. Rangi kama hiyo yaweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Nikaficha kopo, askari nikawaacha. Nikamnunulia rangi za maji, tukakubaliana: brashi kwenye kikombe, mikono kwa sabuni. Sasa wamejipanga juu ya kabati la babu. Wa kwako anapaka nini? Kaangalie kopo.