Soketi ya Gereji

Siku mbili kabla ya khitma ya marehemu mama, niliingia gereji ya nyumba yetu hapa Toronto nikakuta jokofu la kugandishia limenyamaza, na ndani yake imo nyama yote ya pilau. Nikachomeka taa katika soketi ile, haikuwaka. Nikateremka kulikagua sanduku la swichi kuu. Hakuna hata moja iliyojizima.

Mjukuu wangu akaniuliza, kwa Kiingereza, kama nimebonyeza kitufe cha soketi ya bafuni. Nikadhani ananifanyia mzaha. Kumbe soketi ya namna ile hujikata yenyewe umeme uvujapo japo kwa miliampia 5 hivi, ili usimdhuru mtu, na ikijikata huzizima zote zinazopokea umeme kupitia kwake. Ya gereji ilikuwa miongoni mwazo. Nikakibonyeza, jokofu likanguruma. Alhamdulillahi, nyama ilikuwa ingali imeganda.

Nikaikumbuka Unguja mwaka 2008, ilipokaa gizani takriban mwezi mzima. Nyaya za majumbani zilikuwa salama. Hitilafu ilikuwa katika njia ya umeme utokao bara kupitia chini ya bahari.

Kwa miaka mingi nimemlaumu mjukuu huyu kwa kutojua Kiswahili. Lakini baba yake nilimlea mimi, nami nikirudi kazini nimechoka nilimjibu kwa Kiingereza alichotoka nacho shuleni. Njia ilikatikia kwangu. Usiku ule nilimwita mjukuu jikoni, tukaanza na majina ya viungo vya pilau.