Farasi Aliyemaliza Mbio



Mwaka 1986 farasi aitwaye Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio ambazo Wamarekani huzithamini kupita mbio nyingine zote za farasi nchini mwao. Mwaka uliofuata akatangazwa kuwa farasi bora wa mwaka. Katika mashindano yake yote aliwaingizia wenyewe zaidi ya dola milioni 3.7. Baadaye aliwekwa kuwa dume la mbegu, na kwa kuwa watoto wake hawakung'aa kama yeye, mwaka 1994 akauzwa Japani. Huko nako alipoacha kutakiwa, alipita katika mikono ya mfanyabiashara, na mwaka 2002 akachinjwa. Habari hiyo ilipofika Marekani mwaka uliofuata, ilileta huzuni na hasira nyingi. Hata hivyo sikuona mahali palipotajwa mtu aliyevunja sheria. Aliyemtoa alitia sahihi, aliyempokea alitia sahihi, na kila mmoja aliamini kwamba baada ya sahihi hiyo hana tena la kuulizwa.

Habari hii nimeipata kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Lexington katika jimbo hilohilo la Kentucky. Wakongo wamehamia mji ule kwa wingi katika miaka hii, hata Kiswahili husikika katika shule zake. Kijana aliyekulia mahali pasipo na farasi hata mmoja, leo anawahudumia farasi katika shamba linalowapokea wale walioacha mbio, na kila Jumapili jioni hunitumia sauti kwa simu kunieleza kazi yake. Mimi nimevuka miaka hamsini, nimesomea ualimu, na mnyama huyu nilimfahamu katika Maandiko muda mrefu kabla ya kumwona hata kwenye picha. Lakini anayonieleza kijana huyu nayasikiliza kama mwalimu asikilizavyo habari za darasa la mwenzake.

Farasi wa mbio huanza kazi akiwa mtoto. Hupandwa mgongoni akikaribia miaka miwili, na wengi hukimbia mbio zao za kwanza wakiwa na miaka hiyo miwili. Wengi pia huacha kabla ya kufika kumi, kwa kuumia kano au kwa kutoshinda tu, na hali wanaweza kuishi miaka ishirini na mitano au zaidi. Yaani sehemu kubwa ya maisha yake huja baada ya kazi kwisha. Nani atamlisha miaka hiyo yote? Tangu mwaka 2007 hakuna tena machinjio ya farasi nchini Marekani, lakini malori yaliendelea kuwapeleka Kanada na Meksiko.

Yule ninayetaka kumsimulia alikuwa dume lililohasiwa, mwenye umri wa miaka tisa. Aliacha mbio akiwa na mitano, akauzwa mara tatu au nne, kila mara kwa bei ndogo kuliko ya kwanza, hadi alipokutwa katika ua wa matope usio na jani hata moja, mbavu zake zote zikihesabika. Walimtambua kwa kumfunua mdomo wa juu, kwa maana farasi wa mbio wa rika lake walichorwa alama ndani ya mdomo, herufi ya mwaka wa kuzaliwa na tarakimu kadhaa. "Mjomba," aliniambia mpwa wangu, "huyu ana jina, ana cheti, baba yake na mama yake wameandikwa. Na alikuwa anakufa njaa."

Waganga wa wanyama hutumia kipimo alichokibuni Don Henneke mwaka 1983. Kinaanzia 1, ambayo ni ngozi na mifupa, hadi 9, unene uliopita kiasi. Farasi yule alipewa 1.

Kijana wangu alidhani kazi ya siku ya kwanza ni kujaza chombo cha nafaka. Mwenye shamba alimkataza. Mwili ulioshinda na njaa muda mrefu umekuwa ukijila wenyewe, mafuta kwanza, kisha misuli. Ukiupa ghafla nafaka yenye wanga mwingi, madini yaliyobaki katika damu, fosforasi, potasiamu na magnesiamu, huvutwa kwa haraka kuingia katika chembe za mwili. Damu hubaki tupu, moyo hushindwa, na mnyama anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kulishwa, wakati waokoaji wangali wakifurahi kwamba anakula vizuri. Watafiti wa chuo kikuu cha California huko Davis walijaribu vyakula mbalimbali, wakaona kinachofaa ni majani makavu ya lusani, nusu kilo hivi kila baada ya saa nne, usiku na mchana, katika siku tatu za kwanza. Kisha huongezwa kidogo kidogo. Kurudisha uzito wa kawaida huchukua miezi mitatu hadi mitano.

Niliposikia hayo nilimkumbuka muuguzi mmoja mzee wa kituo cha lishe katika mtaa wetu, mama mpole katika mambo yote isipokuwa hilo. Wakina mama waliofika na watoto waliovimba miguu kwa utapiamlo walificha bugali na sombe ndani ya vitenge, wakitaka kumlisha mtoto wakati muuguzi amegeuka. Yeye alikuwa akiwapokonya. Mtoto alipewa kwanza maziwa ya tiba, yale yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Yale mazito zaidi, F-100, yalingoja hadi mwili uwe tayari kuyapokea. Mama mmoja alimwita mchawi mbele yetu. Hakujibu. Nadhani hakuna jambo gumu kwa mtu mwenye huruma kama kushika kikombe kidogo mkononi na chungu kikiwa karibu.

Miezi minne ilipita ndipo yule farasi alipowekewa tandiko. Hapa ndipo mwalimu ndani yangu aliposogeza kiti karibu. Farasi wa mbio si mnyama asiyefundishwa. Amefundishwa sana, ila kwa kazi nyingine. Anapohisi hatamu zikivutwa na lijamu likikaza kinywani, farasi wa kawaida hupunguza mwendo, lakini yeye huliegemea na kuongeza kasi, maana ndivyo alivyozoezwa. Kusimama tuli ili apandwe hakujui, kwa sababu mpandaji wa mbio hurushwa mgongoni huku mnyama akitembea. Amekaa ndani ya zizi karibu siku nzima, kila siku. Mbio za Marekani huzunguka kwa upande wa kushoto, basi hata mwili wake unageuka vyema upande mmoja kuliko mwingine. Mtu asiyejua husema farasi huyu ni mkaidi. La, ni mtiifu kabisa. Anatii amri ya zamani. Nimewaambia mara nyingi vijana wanaojiandaa kuwa walimu kwamba mtoto anayefika darasani na jibu la kosa mara nyingi amelipata kwa mwalimu, naye amelitunza kwa uaminifu.

Kwa hiyo walimwachisha kwanza. Wiki nyingi alikaa malishoni bila kuagizwa lolote, akijifunza kusimama na farasi wengine. Kisha walianza kumtembeza kwa mkono, kumsimamisha, kumzungusha kulia. Mpwa wangu anasema siku farasi yule aliposimama tuli mtu akiwekea mguu kwenye kikuku cha tandiko, hakuna aliyepiga makofi, wasije wakamshtua.

Kumbe sehemu iliyobaki ndiyo iliyowagawa watu wa shamba. Alikuja bwana mmoja mwenye mali, tayari kulipa siku hiyohiyo. Alikataliwa. Mwenye shamba alimwuliza ni nani atakayemtunza farasi endapo yeye ataumwa, naye akacheka swali hilo. Kijana wangu aliona ni kiburi kukataa fedha wakati majani makavu yanapanda bei, na kwa kweli hata mimi ningeyumba. Aliyepewa ni mama mmoja mwalimu wa shule, aliyefika mara tatu na mara ya kwanza hakuomba hata kumpanda.

Hapa mniruhusu neno la pembeni. Sisi walimu wa Kongo tunao wenzetu wenye miaka sabini ambao bado wanasimama mbele ya ubao, kwa kuwa malipo ya uzeeni hayajatoka na kuweka chaki chini ni kuweka chini chakula cha jioni. Simlinganishi mwalimu na mnyama. Nasema tu kwamba swali la nani anabaki na wajibu baada ya kazi kwisha si geni kwetu.

Baada ya Ferdinand, wapo waliolijibu. Michael Blowen, aliyekuwa mwandishi wa habari za sinema huko Boston, alianzisha shamba la Old Friends karibu na Georgetown, Kentucky, kwa ajili ya farasi wazee. Mwaka 2014 alirudishwa hapo Silver Charm, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 1997, ambaye naye alikuwa ameuzwa Japani kama dume la mbegu. Njia ilikuwa ileile ya Ferdinand, ila safari hii waliomtoa na waliompokea walikubaliana kwamba akimaliza arudi.

Mkataba alioutia sahihi yule mama una kurasa nne. Hawezi kumwuza farasi wala kumgawa. Hawezi kumrudisha kwenye mbio. Akishindwa kumtunza, kwa ugonjwa au kwa umaskini, atamrudisha shambani, wala hatadaiwa sababu. Shamba lina haki ya kumtembelea na kumpima kwa kile kipimo cha 1 hadi 9. Siku aliyoondoka alikuwa amefika 5. Ukaguzi wa kwanza ni baada ya miezi mitatu, na mpwa wangu ameomba awe mmoja wa watakaokwenda.