Kisima cha Liyongo na Ubavu wa Kristo



Wapendwa Taifa la Mungu, wengi wenu mlikutana na Fumo Liyongo darasani. Ni shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, katika nchi ya Pate na mdomo wa mto Tana. Askofu wa Kianglikana Edward Steere alichapisha kisa chake mwaka 1870, naye Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Juma hili napenda tukitafakari, kwa kuwa ndani yake mna silaha, kinga ya ajabu, fitina na usaliti. Mambo ambayo hayajatutoka hata leo.

Liyongo alikuwa mtu wa kimo kikubwa, mshairi na hodari wa upinde. Hakuna silaha iliyomdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mfalme wa Pate alimwogopa, asije akamnyang'anya kiti. Na mwenye hofu hutafuta washirika popote. Aliwaahidi fedha watu wa msituni, nao wakajifanya rafiki za Liyongo, wakala naye makoma. Walipanga kila mtu apande mkoma kwa zamu, wapate kumpiga mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, yeye aliyaangusha makoma kwa mishale, miguu yake ikiwa chini. Mara nyingine alitiwa gerezani, akatoroka kwa tupa aliyoletewa kutoka kwa mama yake, imefichwa ndani ya mkate.

Maadui waliposhindwa, alitafutwa mtu wa nyumbani. Kijana wa Liyongo mwenyewe alirubuniwa kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mfalme. Akamwuliza baba siri ya kifo chake. Baba alihisi kuwa mwanawe ana nia ya kumwua, hata hivyo alimwambia. Akiwa usingizini, akachomwa.

Wapendwa, hapa tupate fundisho la kwanza. Wapo miongoni mwetu wanaotoka Misani Jumapili, na Jumatatu wakaenda kwa mganga kutafuta hirizi ya kuwakinga na maadui. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza uchawi wa kila namna na kulaumu uvaaji wa hirizi. Hata kisa hiki cha kale kinatuonya: mwili usiopenyeka kwa mkuki haukumsaidia Liyongo mbele ya tamaa iliyolala chini ya dari lake. Tamaa haizuiliwi na hirizi. Hung'olewa kwa toba.

Lakini fundisho kubwa liko kisimani. Liyongo alipochomwa alitoka nje, akapiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, akakata roho katika hali ile. Watu walimwona wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kusogea kuteka maji, na mji ukashikwa na kiu mpaka mwili ulipoanguka. Kuhusu kijana, wasimuliaji hawakubaliani namna alivyoishia, ila hakuna anayesema kwamba alifaidi alichoahidiwa.

Bwana wetu naye aliuzwa na mtu wa mezani pake, kwa vipande 30 vya fedha. Alimjua msaliti wake, na bado akampa tonge kwa mkono wake mwenyewe. Herode na Pilato, waliokuwa maadui, walipatana siku hiyohiyo. Urafiki uliojengwa juu ya damu ya asiye na hatia. Lakini tazameni tofauti. Liyongo alikufa ameuvuta upinde, na kisima kikafungwa. Kristo alikufa amenyosha mikono, na ubavu wake ulipochomwa mkuki vikatoka damu na maji. Kifo cha kwanza kiliuacha mji na kiu. Cha pili kilifungua chemchemi, hata kwa wale waliochoma.

Najua wamo parokiani waliosalitiwa kweli: mzazi ambaye mwanawe aliuza shamba kwa siri, mjane aliyedhulumiwa na shemeji. Sisemi kosa lifichwe, wala haki isidaiwe. Kusamehe si kumkabidhi mwizi ufunguo. Nasema tu kwamba mtu anaweza kufa moyoni huku amepiga goti kisimani, upinde mkononi. Wajukuu wanaogopa kusogea, ndugu hawatembeleani, na kila mtu ana kiu. Asiye na hatia ndiye hukosa maji.

Basi wiki hii, kila mmoja ajiulize: ni kisima gani nimekizuia? Nani anakosa maji kwa sababu yangu? Na aliyesaliti asingoje mpaka mwili uanguke. Kiti cha Kitubio kiko wazi.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.