Mstari wa Manjano

Wiki hii nawaandikia kutoka Lucky Summer, mtaa wa Nairobi ulio jirani na Baba Dogo. Dada yangu aliniita nije nimkanye mwanawe. Kijana amemaliza kidato cha nne, na kutwa hushinda na vigari vyake: matatu ndogo za kadibodi ngumu, azikatazo, kuziunga na kuzipaka rangi. "Kaka, huu ni mchezo wa watoto," alilalamika dada, "nami nimechoka."

Kabla ya kutamka neno, nilimwomba kijana afanye kazi yake mbele yangu.

Gari la mita 4.8 likipunguzwa mara 24 huwa la sentimita 20. Kwa kipimo hicho, mstari wa sentimita 12 hubaki milimita 5, na mpira wa dirisha huwa mwembamba mithili ya uzi. Alichokuwa akikitengeneza siku hiyo ni ule mstari wa manjano ambao matatu zililazimishwa kuuvaa na kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi.

Alisugua kwa msasa laini, akapaka nyeupe ya msingi, kisha manjano. Ilipokauka, aliifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi, alioukata kwa wembe juu ya kioo. Akaubana ukingo wake kwa ukucha, halafu akapitisha tena manjano hafifu juu yake. Nikamuuliza sababu.

"Mjomba, lazima rangi itapenya chini ya utepe. Basi itangulie ya manjano, isiyoonekana. Ikishaziba njia, zambarau haina pa kupita."

Akapulizia zambarau, matabaka matatu membamba, kisha akaubandua utepe taratibu, akiukunja kuelekea nyuma. Ukingo ulitoka safi. Vishikio vya milango na bampa vilisubiri brashi ya nywele chache.

Sisi watu wa pwani tumeyaona macho yaliyopambwa omoni mwa majahazi ya Lamu, na hakuna aliyemwita fundi wake mtoto.

Hata hivyo, mama naye ana haki. Nyumba yao ni chumba kimoja. Kijana alikuwa akipulizia rangi ndani, ilhali mdogo wake wa miaka 6 hukohoa usiku. Mvuke wa rangi na thina hudhuru mapafu. Hapo sikumwonea haya: kazi hiyo ni ya nje, kwa barakoa, na mdogo wake awe mbali.

Kesho yake nilikichukua kigari hadi kwa fundi apakaye magari ya kweli. Alipitisha ukucha juu ya mstari, pande zote, kimya. Kisha akauliza, "Nani amemfundisha kuziba utepe?" Nikamjibu kuwa amejifundisha mwenyewe. "Aje Jumatatu. Miezi mitatu sina mshahara wa kumpa, ila nauli na chakula."

Dada hakufurahi, alitamani mwana wa ofisini. Tumekubaliana aende miezi hiyo mitatu, kisha tuketi tena sote watatu, naye mama awe wa kwanza kusema.

Enyi wazazi wenzangu, kabla hujakitupa kitu cha mwanao, keti naye akikitengeneza, tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo ukatae au ukubali, utakuwa unakijua unachokiamua.