Muhuri wa Kiazi

Kadi ya kwanza niliyoichapa kwa mikono yangu haikusomeka. Ilikuwa Oktoba 1989, nikiwa darasa la sita mjini Migori, na dada yangu mkubwa yuko kidato cha nne katika shule ya bweni upande wa Homa Bay. Siku hizo miji hii miwili ilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, na makao makuu yalikuwa huko huko Homa Bay. Dada na rika lake ndio waliotangulia nchi nzima kufanya KCSE, kundi la kwanza la 8-4-4 kufika mwisho wa sekondari, na kila mtu mzima aliyepita kwetu alikuwa na neno la kuwatisha. Mama akasema mtoto lazima apelekewe kadi. Pesa ya kadi haikuwepo.

Kadi zenyewe tulikuwa tukiziona kila siku. Zilining'inizwa kwa kamba na vibanio vya nguo mbele ya duka la vitabu karibu na steji: waridi jekundu, mshumaa unaowaka, Mzungu amevaa joho na kofia ya kuhitimu. Tuliziita kadi za sakses. Mpaka leo sijamsikia mtu wa Migori akiziita kadi za mafanikio, labda mtangazaji wa redio.

Lakini darasani tulikuwa na somo la sanaa na ufundi, na halikuwa la mchezo kwa kuwa lilitahiniwa katika KCPE. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuchapa kwa kiazi. Unakipasua mara mbili, unachora umbo upande ulio bapa, unapunguza pembeni kwa wembe mpaka umbo libaki limeinuka, unalikausha kwa kitambaa, unapaka rangi, unagandamiza. Kukausha ndiko alikokukazania, maana kiazi kina maji, na maji hayo yakikutana na rangi, umbo hutapakaa kama mtoto aliyemwaga uji.

Neno SUCCESS lina herufi saba, lakini ukizihesabu vizuri ni nne tu: S, U, C na E. Kwa hiyo viazi viwili vilinitosha, na Mama hakulalamika sana. Rangi ilikuwa bluu ya kufulia niliyoikoroga na uji mwepesi wa muhogo ili ishike. Karatasi ilikuwa kipande cha manila kilichobaki kwenye chati ya mwalimu. Nilikausha viazi, nikagandamiza herufi moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule wa kuandika, halafu nikatazama. S imegeuka. C zote mbili zimetazama nyuma. E imetazama nyuma. U peke yake ndiyo iliyosalimika.

Sikuwa na manila nyingine. Mama alinunua stempu, moja ya zile za vipepeo zilizotoka mwaka 1988, na kwa maoni yangu kipepeo yule ndiye aliyekuwa kitu pekee cha kupendeza kwenye bahasha ile. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta na aibu yangu.

Dada aliporudi baada ya mtihani alinisimulia kilichotokea. Wasichana wa bweni lao waliiona, wakasema hii ni ya kusomwa kwa kioo. Wakaleta kioo. Lakini kwa kuwa kila herufi nilikuwa nimeichapa peke yake, kioo kilinyoosha herufi kikageuza neno: SSECCUS. Bila kioo herufi ni mbovu, kwa kioo neno ni bovu. Walicheka mpaka msimamizi wa bweni akaja na tochi. Tangu usiku huo mpaka karatasi ya mwisho waliagana mlangoni pa chumba cha mtihani kwa kuambiana, "Sekus!" Mwenzake mmoja aliyefunga safari mpaka kwetu likizoni hakuuliza habari za nyumbani kwanza. Aliuliza, "Huyu ndiye Sekus?"

Siri ya kugeuza herufi nilifundishwa na mzee aliyekuwa akirekebisha saa na kuchonga mihuri kwenye baraza ya duka moja mjini. Mihuri ile aliikata kwa wembe na sindano kutoka kwenye raba ngumu, akaigundisha juu ya kipande cha mbao. Nilikwenda kwake na kiazi changu nikidhani atanifukuza. Akakitazama kama anavyotazama saa iliyosimama.

"Mjukuu," akaniambia, "muhuri ni mtu aliyekupa mgongo. Ukitaka akutazame, sharti umchonge akiwa amegeuka."

Kisha akanionyesha. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba. Igeuze, uilaze juu ya raba, usugue kwa ukucha. Risasi ya penseli inahamia kwenye raba, na neno limeshageuka lenyewe bila wewe kuumiza kichwa. Nimechonga mihuri kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, na sijaona njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Viazi nikaviacha, maana kiazi hunywea usiku mmoja tu na asubuhi herufi zako zimekunja uso. Nikahamia kwenye raba za kufutia, na baadaye kwenye soli za patipati. Patipati kuukuu ni mali. Soli yake inakatika kama siagi iliyoganda, inabeba wino vizuri, na moja inakutolea ua, njiwa, kitabu kilichofunguliwa na jina la mtu. Kwa kukata kikonyo cha jani la mgomba, nikapata muhuri ambao hakuna aliyeuchonga: vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, mandharinyuma tayari. Kila Oktoba niliuza kadi kwa majirani, na hela iliyopatikana ilinunua daftari.

Kipaji kikijulikana, wanaokuja kukiazima si wema peke yao. Nikiwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, wasichana wawili walinijia na ombi: muhuri wa naibu wa mwalimu mkuu, wa kupiga kwenye karatasi za ruhusa ya kutoka. Yule mzee wa Migori aliwahi kuwafukuza vijana waliotaka muhuri wa chifu, tena mbele yangu. Mimi sikuwa na msimamo wake. Niliuchonga kwa soli nyekundu ya patipati, na nakiri kwamba niliuonea fahari. Duara lilikuwa duara, herufi zimenyooka, hata nyota mbili za pembeni zilikuwepo. Kilichotuponza ni wino. Nilitumia bluu yangu ileile ya kufulia. Bawabu alilamba kidole gumba ili afunue karatasi ya pili, akaligusa duara, na cheo cha naibu kikahamia kwenye kidole chake. Nilifyeka nyasi wiki mbili. Sikumlaumu bawabu, nilijilaumu kwa kutotafuta wino wa kweli.

Nilipoanza kufundisha Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo la sanaa na ufundi lilikuwa linaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na kisichotahiniwa Kenya hakina muda mrefu wa kuishi. Kadi nazo zilikuwa zimebadilika. Zilikuja zile zinazoimba: ukifunua, kidude cha betri kinalia wimbo kwa sauti ya mbu. Zikaja kubwa kama mlango wa kabati. Baadaye zikaja zenye picha ya mtahiniwa mwenyewe amevishwa joho kwa kompyuta. Mnamo Oktoba wachuuzi walizipanga mbele ya posta na kando ya steji, na mtoto wa shule alipimwa kwa idadi ya kadi alizopata.

Hapo ndipo nilipoiona sura ya pili ya desturi hii niliyokuwa nikiipenda. Jioni karani wa shule aliingia darasani na rundo la bahasha, akisoma majina. Wapo waliotoka na kadi ishirini, wakazitundika juu ya kitanda kama bendera za chama. Na wapo waliojua kwamba majina yao hayatasomwa. Hao ungewatambua: wakati karani anasoma, wao wanasoma pia, vitabu viko wazi, macho hayasogei hata mstari mmoja. Mtoto wa mvuvi wa Mbita au yatima aliyelelewa na nyanya, nani angemtumia kadi inayoimba?

Nikarudi kwenye patipati. Nilichonga kilima cha Asego, kile kinachosimama juu ya mji wa Homa Bay kama ncha ya kofia, na chini yake mistari mitatu ya maji. Safari hii wino ulikuwa wa duka la vifaa vya ofisi. Nilimwomba karani anipe orodha ya wasiopata kitu, nikawa nawachapia usiku, nawaandikia sentensi moja moja, natia kwenye bahasha bila kuweka jina langu. Nilidhani hawajui. Mwaka wa tatu mvulana mmoja alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu akaniuliza, "Mwalimu, mwaka huu Asego inakuja?"

Mambo mengine yalikwisha haraka. M-Pesa iliingia mwaka 2007, na mjomba aliyekuwa akituma kadi akagundua kwamba shilingi mia tano zinazungumza zaidi. Kisha yakaja maovu ya mitihani ya mwaka 2015, na mwaka uliofuata Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Fred Matiang'i, ikapiga marufuku ziara za wazazi na siku za maombi katika muhula wa tatu. Shuleni kwetu kila bahasha ikawa inafunguliwa ofisini kabla ya kumfikia mwenyewe, isije ikawa imebeba majibu. Kadi iliyofunguliwa na mtu mwingine kwanza ni kama chai iliyonywewa pembeni. Zikapungua. Wachuuzi wa steji wakahamia kwenye vifuniko vya simu. Asego yangu nikaifunga kwenye bati la biskuti pamoja na njiwa na sega la nyuki.

Bati hilo lilifunguliwa tena na Korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na watahiniwa wa mwaka ule hawakufanya KCSE mpaka Machi 2021. Nyumbani sikuwa na kazi wala wa kumchapia. Ziwani, gugumaji lilikuwa limesukumwa na upepo mpaka likaifunika ghuba kijani kibichi, mitumbwi imekwama. Nilikuwa nimewahi kuona Kisumu kadi zilizotengenezwa kwa karatasi ya gugu hilo, nikasema nijaribu.

Unakata mabua, unatupa mizizi na majani. Unayachemsha kwa maji ya majivu mpaka yalainike na nyumba nzima inuke kama zizi. Unayaosha mara nyingi, unayatwanga kwenye kinu, unachanganya na magazeti yaliyolowekwa, kwa sababu gugu peke yake halishikani. Rojo hilo unalimimina kwenye beseni la maji, unachovya fremu yenye wavu wa dirisha, unainyanyua ikiwa imelala sawa, unaacha maji yachuruzike. Kisha unaigeuzia kitambaa, unaikandamiza kwa mbao na jiwe la kusagia, unaianika. Karatasi zangu za kwanza zilikuwa nene kama chapati. Za kumi hivi zilianza kukunjika bila kuvunjika. Rangi yake ni ya ugali wa wimbi, na uso wake una nyuzi, kwa hiyo mihuri ya mistari myembamba inapotea. Njiwa wangu alitoka kama kuku. Asego ilitoka vizuri kuliko ilivyowahi kutoka, maana kilima hakihitaji manyoya.

Miaka ile yote nilikuwa nimechapa kwa sababu: hatukuwa na pesa, nilitaka daftari, kulikuwa na mtoto ambaye jina lake halisomwi. Sasa sababu zote zilikuwa zimekwisha na mkono bado unataka. Nikawa nachapa omena kumi na mbili wakielekea upande mmoja na mmoja akirudi, bila kujua kadi ni ya nani. Wanasema kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa, ile ya London ya mwaka 1843, iliagizwa na Henry Cole kwa sababu hakuwa na muda wa kuwaandikia barua marafiki wote, akamwambia mchoraji Horsley amtolee ya kuchapa. Kadi ilizaliwa na haraka. Nami naikalia siku nne, nne tena ukitoa za kuanika.

Wengi wa ninaowatumia hunipigia picha ya kadi na kunirudishia kwa WhatsApp, kana kwamba sijaiona. Sikasiriki. Ila dada yangu, ambaye sasa ni bibi wa watu huko Oyugis, hujibu kwa sauti, neno moja tu, na ninyi mnalijua.

Mwaka jana mjukuu wake, aliye gredi ya nne, aliletwa kwangu na kazi ya shule. Kuchapa kwa kiazi kumerudi, na mtaala huu mpya. Mama yake alikuwa ameagizwa kuleta viazi, rangi na manila, tena ampige mtoto picha akiwa kazini na kumtumia mwalimu, kwa hiyo simu ilisimama juu ya kopo la majani ya chai ikitutazama wote. Mtoto alitaka kumchapia bibi yake kadi yenye neno DANI, yaani nyanya kwa Dholuo. Nilimpasulia viazi, nikamwonyesha namna ya kushika kisu butu na kukausha kwa kitambaa. Nilikuwa na penseli laini na karatasi nyembamba mfukoni.

"Nyanya, naanza," akasema.

Alianza na D, tumbo lake limeelekea kulia, vile tunavyoiandika. Baada yake N. A na I zingesalimika. Niliiacha karatasi mfukoni, nikaendelea kukoroga bluu.