Mchele wa Beni, Boga la Butembo
Kwetu Butembo, mama alikuwa na desturi yake: boga na karoti za Lubero anachoma kwenye makala, anakata vipande, anaweka juu ya mchele wa upande wa Beni. Kisha kalanga: anakaanga, anasaga, anachemsha polepole mpaka mchuzi unakuwa mzito. “Mutoto yangu, usiache kukoroga, kalanga inashika chini mbio.”

Tangu 2014, mauaji ya Beni yamefukuza wakulima wengi mashambani. Siku moja mama alirudi sokoni bila mchele. Akapika mahindi ya kutwanga, akamwaga juu mchuzi uleule. Tulikula kimya.

Siku ile nilielewa kama barabara ya Beni iko ndani ya chakula chetu. Leo nafundisha binti yangu sahani zote mbili.